Pafyumu freshi za mtindo wa kokteli: ipi haigeuki sukari baada ya nusu saa?

Nuru_Asubuhi:

Habari zenu wanajukwaa, naombeni msaada maana nimezunguka sana sijapata jibu la kueleweka. Miaka yote nimekuwa mtu wa manukato mazito, vanila, udi, miski, yale ya kujipuliza leo na kesho shuka bado linanukia, ila sasa hivi nimeyachoka kabisa, joto likipanda kidogo tu naona kama nimefunikwa blanketi usoni. Nataka kitu freshi. Na sio freshi ya "bahari" ambayo kila ukipanda lifti unakutana nayo, nataka freshi ya kwenye glasi, ndimu iliyokatwa sasa hivi, mnanaa uliopondwa, barafu, na kale kaukali kanakopanda puani ukiisogeza glasi mdomoni.

Ndo nikakutana na hizi pafyumu zinazotungwa kwa kufuata kokteli, yaani vile vinywaji vya kuchanganya, mojito, jini na toniki, pina kolada na nyinginezo. Nikanunua moja ya mojito bila kuinusa kwa sababu maelezo yake yalinivuta mno. Dakika kumi za kwanza jamani, nilitabasamu peke yangu. Baada ya nusu saa ndimu haipo, mnanaa haupo, kimebaki kitu kama sabuni ya vyombo iliyomwagiwa sukari, na hicho ndicho kikakaa na mimi mpaka jioni.

Sasa hizi zote ndo tabia yake au mimi nilipata mbovu? Kama kuna nzuri niambieni majina. Halafu kuna jambo linanisumbua kidogo, mimi situmii kilevi kabisa na kazini tunakaa karibu karibu, nikijipuliza kitu cha jini au ramu mtu akiinama mezani kwangu si atadhani nimetoka kunywa?

---

Danzi_Kavu:

Pole dada Nuru, kununua bila kunusa kunaumiza, tena kwenye freshi ndo zaidi maana maelezo huwa yanasimulia zile dakika kumi tu.

Mimi nakutajia moja tu, Juniper Sling ya Penhaligon's. Ilitoka 2011, aliyeitunga ni Olivier Cresp, na wazo lake lote ni jini kavu ya London. Inafunguka na junipa, vile vitunda vinavyoipa jini harufu yake, baridi, kavu, kama umefungua friji ukapigwa na hewa yake, halafu iliki na pilipili manga zinaingia taratibu. Chini kuna sukari kidogo na cheri ila vetiva, mizizi ya nyasi yenye harufu kavu, inavibana havipandi juu. Nimeivaa miaka mitatu sasa na sijawahi kusikia imenigeukia. Ubaya wake ni kwamba haikai sana, kwangu masaa matatu au manne ndo mwisho, ukitaka ya kutwa nzima sio hii.

---

Pua_ya_Mzee:

Nuru hukupata mbovu, ulipata ya ukoo ambao sio wako. Naomba nieleze kwa urefu kidogo maana ukilielewa hili hutanunua tena kwa kubahatisha.

Ndimu, limau, bergamoti, balungi, yote haya harufu yake imejaa limonini na molekuli nyingine nyepesi ambazo hazikai kwenye ngozi. Ngozi ina joto, zenyewe ni nyepesi, dakika kumi na tano mpaka nusu saa zimeruka. Hakuna mtunzi anayeweza kulizuia hili hata awe nani, ni maumbile ya kitu chenyewe. Kwahiyo pafyumu yoyote inayokuahidi ndimu, ile ndimu ni mlango tu. Swali la kumuuliza muuzaji ni ukishapita mlangoni unakuta nini ndani, na hapo ndipo kokteli zinagawanyika koo mbili.

Kuna ukoo wa ramu. Mojito, pina kolada, daikiri. Ramu inatokana na miwa, basi mtunzi akitaka pua yako iamini kuna ramu inabidi aweke vitu vya utamu, vanila, mbegu za tonka, karameli, wengine tumbaku. Hivyo vyote ni vizito na vinakaa. Ndimu na mnanaa vikiondoka, wale wazito wanabaki na nyumba yao. Ile sukari uliyoisikia mpaka jioni ndo hiyo. Na hata zilizotungwa vizuri zina mwelekeo huo, kuna Guerlain Homme ya 2008 ambayo moyo wake ni mojito kabisa, mnanaa, ndimu, ramu, na kuna Speakeasy ya Frapin yenye mnanaa na ndimu ikishuka kwenye ramu na tumbaku. Hiyo Speakeasy ni nzuri sana kwa mtu anayetaka safari ya namna hiyo, ila wewe umesema umechoka na blanketi.

Halafu kuna ukoo wa jini. Jini bila junipa sio jini, hata sheria ya Umoja wa Ulaya inataka ladha yake kuu iwe junipa. Junipa ni jamaa ya misonobari na mierezi, na vitunda vyake vina alfa-pinini kwa wingi, ileile inayokufanya usikie ubaridi ukipita kwenye msitu wa misonobari. Sasa angalia raha yake, vitu vinavyofuatana na junipa kwa asili ni mwerezi, vetiva, ambari, mizizi ya anjelika, vyote vikavu. Kwahiyo ndimu ikiruka, kilichobaki kinaendeleza hadithi ileile. Freshi inakuwa haijaisha, imehama tu kutoka kwenye tunda kwenda kwenye mti.

Kuhusu sabuni ya vyombo, usijilaumu na pua yako haina kosa. Limonini na pinini zimetumika kwenye sabuni na dawa za kusafishia kwa miaka mingi mno mpaka ubongo umeshazoea kwamba limau maana yake sinki. Pafyumu ikiweka limau tupu juu ya miski nyeupe za bei rahisi, ambazo nazo ndo zimejaa kwenye sabuni za kufulia, unatoka moja kwa moja jikoni. Mtunzi mzuri anaikwepa hiyo kwa kuweka uchungu pembeni, danzi, balungi, majani mabichi, au kiungo kama giligilani, pua ikapata kitu cha kushika zaidi ya limau.

Na kuna hili ambalo mimi ndo linanifanya nizipende hizi pafyumu kuliko zote. Nusu ya unachokipenda kwenye ile glasi hakina harufu. Uchungu wa toniki unatoka kwenye kwinini, na kwinini haisikiki puani, ni ya ulimi tu. Barafu haina harufu. Mapovu hayana harufu. Hata ubaridi wa mentoli sio harufu, ni mishipa ya fahamu inadanganywa kwamba kuna baridi, kipokezi chake kinaitwa TRPM8 na ni sehemu ya kazi iliyowapa David Julius na Ardem Patapoutian tuzo ya Nobel mwaka 2021. Tena mnanaa wa kwenye mojito hauna mentoli ya kutosha, ni ule mtamu wenye kavoni. Na kavoni yenyewe ina maumbo mawili, kama mkono wa kulia na wa kushoto, moja unanusa mnanaa, la pili unanusa kisibiti, kitu kilekile kimegeuzwa kama kwenye kioo. Mara ya kwanza kunusishwa vichupa hivyo viwili sikuamini mpaka niliporudia.

Kwahiyo mtunzi anapokupa "jini na toniki yenye barafu" anatakiwa akuchoree barafu kwa vitu ambavyo sio barafu. Mapovu anayachora kwa aldehaidi, kemikali za harufu safi inayong'aa, na balungi, baridi anaichora kwa iliki na junipa, uchungu kwa danzi. By Kilian wana moja inaitwa Vodka on the Rocks, ya 2014, hebu fikiria, vodka yenyewe karibu haina harufu, mtu akakaa chini akatunga pafyumu ya kitu kisicho na harufu. Alichokichora ni baridi ya glasi, aldehaidi, iliki, giligilani. Inusa hiyo hata kama hutainunua.

---

Binti_Iliki:

Mzee umemaliza, mi nimjibu dada hilo la kunukia pombe maana nami situmii na nililiogopa hivyohivyo.

Kwanza elewa kwamba karibu pafyumu zote za kupuliza, hata hiyo vanila yako ya zamani, sehemu kubwa ya chupa ni spiriti. Unapojipuliza inaondoka kwenye ngozi ndani ya dakika moja hivi na kinachobaki ni manukato peke yake. Mtu aliyekunywa ananuka kwa sababu pombe iko kwenye damu na inatoka kwenye pumzi, hakuna pafyumu inayofanana na hiyo. Usijipulize tu ukiwa mlangoni mwa ofisi, jipulize nyumbani ukimaliza kuoga kabla hujavaa.

Ila kuna tofauti ya pafyumu na pafyumu. Zile za jini hakuna mtu atakayefikiria pombe, watafikiria msitu, viungo, pengine sabuni nzuri ya kunyolea. Zile za ramu, konyaki na wiski ni kitu kingine, hizo zimetungwa makusudi zikukumbushe pipa. Angels' Share ya By Kilian kwa mfano, jina lake ni ile sehemu ya konyaki inayopotea hewani ikiwa kwenye mapipa, na mwanzilishi wa nyumba hiyo ya manukato, Kilian Hennessy, anatoka kwenye ukoo uleule wa konyaki. Ni nzuri jamani sitadanganya, mdalasini na mbao na utamu wa karanga za sukari, nilipoivaa kwenye sherehe dada mmoja aliniuliza nimetoka kuoka keki. Lakini kwa ofisi yenye watu karibu karibu na joto, na wewe umeshakimbia utamu, usiiguse.

Na kama kuna anayesoma hapa ambaye hataki spiriti kabisa kwenye ngozi yake, za mafuta zipo, ajue tu kwamba freshi kwenye mafuta inapoa. Spiriti ndo inayoinua ile ndimu ikaruka hewani. Mafuta yanaishikilia chini, inakaa muda kidogo zaidi lakini lile pigo la kwanza hulipati.

---

Upepo_wa_Kaskazi:

Mi naomba nipingane na wakubwa kwa heshima. Mnamfundisha Nuru akubali ndimu ife halafu ajifariji na mwerezi, wakati yeye kaomba ndimu. Kwanini asijipulize tena tu?

Hizi kolonya tangu mwanzo hazikutengenezwa zikae. Johann Maria Farina alipoanza kuuza maji yake pale Cologne Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1700, bergamoti, limau, chungwa, ilikuwa ni kitu cha kujimwagia, unachangamka, ikiisha unajimwagia tena. Kolonya ina mafuta ya manukato asilimia 2 mpaka 5 hivi, hizo nyingine nzito zinafika 15 na 20. Ni nyepesi kwa makusudi. Sisi ndo tumekuja na tamaa ya harufu kukaa masaa kumi na mawili, na tamaa hiyo ndo inawalazimisha watunzi wajaze miski na sukari chini ili tu mtu aseme "inakaa".

Ninachofanya mimi, chupa kubwa inabaki nyumbani, nina kichupa kidogo cha kupuliza kwenye begi, saa nne mara moja, saa nane mara moja. Kila nikijipuliza napata tena zile dakika kumi alizotabasamia. Na napuliza kwenye nguo pia, upande wa ndani wa kola, pamba haina joto la ngozi kwahiyo ndimu inachelewa kuruka.

Na ramu sio adui jamani. Virgin Island Water ya Creed ya 2007 ni ndimu, nazi na ramu nyeupe, na mimi naiona freshi mpaka mwisho, nazi yake ni ya maji ya dafu kuliko ya pipi.

---

Pua_ya_Mzee:

Upepo nakubaliana na wewe kuhusu kolonya, kweli tupu, na hiyo hoja ya tamaa ya kukaa ni ya msingi kuliko nilivyoigusa mimi. Kwenye nazi tunaachana. Nazi ya kwenye pafyumu kwa kawaida inajengwa na laktoni, aina ya kemikali ya harufu, ile maarufu wanaiita aldehaidi C-18 ingawa sio aldehaidi, na laktoni ni nene kama maziwa. Kwenye ngozi yako imekuwa dafu, kwenye ngozi yangu baada ya saa moja inakuwa mafuta ya kujipaka. Nuru ataipima mwenyewe.

Ila kujipuliza mara kwa mara kuna angalizo moja, na hili naomba lisomwe. Ndimu na bergamoti zikikamuliwa ganda bila kuchemshwa zina kemikali, mojawapo inaitwa bergapteni, ambayo ngozi ikiwa nayo na ikapigwa na jua inaungua, unapata wekundu, malengelenge, halafu doa la kahawia linalokaa wiki na wiki. Wahudumu wa baa wanaokamua ndimu juani wanalijua vizuri, mikono inaungua bila moto. Kampuni kubwa siku hizi zinatumia bergamoti iliyoondolewa hiyo kemikali, au ndimu iliyokenekwa kwa mvuke ambayo haina tatizo hilo, na kuna viwango vya kiasi gani kiruhusiwe. Kinachoniogopesha ni mchanganyiko wa nyumbani, mtu ananunua mafuta ya ndimu anachanganya na spiriti anajipaka shingoni anatoka juani. Usifanye hivyo hata siku moja.

Na hiyo iliyokenekwa harufu yake ni tofauti, imekaa kisoda soda, kama ile ndimu ya kwenye kola. Iliyokamuliwa ndo ya kwenye ganda ulilolikwaruza kwa kucha. Nuru umeeleza "ndimu iliyokatwa sasa hivi", tafuta ya pili.

---

Nuru_Asubuhi:

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Kwahiyo nikipima napimaje? Maana dukani wananipulizia kwenye ile karatasi nanusa naambiwa "nzuri eeh" basi.

---

Danzi_Kavu:

Karatasi itakuambia mwanzo tu, tena inadanganya kwa sababu haina joto, ndimu inakaa kwenye karatasi kuliko itakavyokaa kwako. Puliza kwenye mkono, moja kila mkono, zisizidi mbili kwa siku. Kisha ondoka dukani kabisa, usinunue. Nusa baada ya nusu saa, baada ya saa moja, baada ya saa tatu. Ile ya saa tatu ndo utakayoishi nayo. Ukiona bado unataka kuunusa mkono wako, rudi.

Ngozi kavu inaimeza haraka, paka losheni isiyo na harufu kwanza. Na ukishanunua usiiweke bafuni wala dirishani, freshi zinaharibika haraka kuliko udi, ndimu ikipigwa na mwanga na joto inachacha, weka kabatini kwenye giza.

---

Nuru_Asubuhi:

Wapendwa nimerudi, zimepita wiki tatu, naona niwape mrejesho maana mmenisaidia kuliko nilivyotegemea. Nilitafuta vichupa vya sampuli vinne nikavivaa kimoja kimoja, siku nzima kila kimoja, siku za kazi.

Virgin Island Water, kaka Upepo nilitaka sana iwe yangu kwa sababu ile ndimu yake ya mwanzo ndo yenyewe niliyoitafuta, nilifumba macho kabisa. Ila saa ya pili Mzee alikuwa na haki, kwangu ilikuwa mafuta ya kujipaka. Dada yangu akajipuliza hiyohiyo, kwake ni dafu mpaka jioni! Nikampa kichupa.

Vodka on the Rocks ilinishangaza, sijawahi kunusa kitu kikasikika kama hali ya hewa. Safi, baridi, inang'aa. Lakini nilijiona niko mbali nayo, kama nimevaa shati la mtu mwingine aliyenyooka kuliko mimi.

Roses on Ice nayo ni ya By Kilian, hamkuitaja ila niliipata humohumo, ina tango, ndimu, junipa na waridi kwa mbali. Hii niliipenda mno. Tango ndo lililofanya kazi ya barafu, ile majimaji ya kijani, na waridi halikuwa la kibibi hata kidogo. Nimeiweka kwenye akili.

Juniper Sling. Asubuhi sikuielewa, nikaona kavu mno, ndimu iko wapi, nikataka kumwandikia kaka Danzi. Mchana nikiwa kwenye kikao nimeegemeza shavu mkononi nikaisikia, baridi, iliki, mti, safi kabisa, hakuna sukari, hakuna sabuni, na chumba kilikuwa cha moto feni haifanyi kazi. Nikabaki naunusa mkono wangu kikao kizima. Ndani ya siku zile mwenzangu wa meza ya jirani aliniuliza natumia sabuni gani ya kuogea, kwahiyo dada Iliki wasiwasi wangu wa pombe umeisha.

Saa kumi ikawa imeisha, nikafanya ya kaka Upepo, nikajipuliza tena ndani ya kola. Kichupa cha sampuli kimebaki kidole kimoja, na chupa nimeshaagiza.

---

Upepo_wa_Kaskazi:

Hongera Nuru! Ile ya mojito usiitupe. Puliza kwenye mapazia asubuhi madirisha yakiwa wazi, unapata zile dakika kumi za mnanaa na ndimu, na hiyo sukari inabaki kwenye kitambaa mbali na shingo yako.

---

Binti_Iliki:

Mi naomba jina la huyo muuzaji wa vichupa inbox dada, hiyo ya tango nimeitamani.